Kwa nini maduka makubwa hayadumu Arusha na Moshi? Nishaurini kabla sijasaini mkataba

#1 · Dada wa Sekei

Habari za jioni wakuu.

Nina fremu ya nguo za watoto ghorofa ya kwanza, kwenye jengo moja la maduka hapa Arusha mjini. Huu ni mwaka wa tatu. Mkataba unaisha mwezi wa sita na mwenye jengo anataka jibu. Nilipoingia, korido yetu ilikuwa na fremu kumi na moja na zote zimejaa: viatu, vipodozi, saa, mtu wa simu, saluni. Leo tumebaki wanne. Zile nyingine vioo vimebandikwa magazeti.

Kinachoninyima usingizi si duka langu peke yake. Mimi nimekulia mji huu. Nakumbuka Shoprite, supamaketi ya Afrika Kusini, pale kwenye jengo la maduka la TFA. Baba akipata mshahara, Jumamosi tunapelekwa, tunarudi na mkate wa moto ambao unaisha kabla hatujafika nyumbani. Shoprite wakaondoka. Wakaja Nakumatt wa Kenya, wakaanza hapa kwetu kisha wakaenda Moshi, nao wakaondoka. Duka linafunguliwa kwa utepe na muziki, miaka michache mbele unasikia limefungwa. Wakati huo huo masokoni, Soko Kuu na Kilombero, huwezi kupitisha bega kwa watu.

Je, ni sisi wateja? Ni kodi? Ni mtandao? Au haya maduka makubwa hayakuwa yetu tangu mwanzo? Naomba hoja, nina uamuzi wa kufanya.

#2 · Chalii wa Sakina

Mtandao huo dada. Mtu anachagua nguo Instagram saa tano usiku, analipa kwa simu, asubuhi bodaboda yuko getini. Apande ngazi zako kufuata nini?

#3 · Ngarenaro Mjini

Chalii, Jumia wenyewe, wale wa duka la mtandaoni, walifunga Tanzania Novemba 2019. Kama mtandao ndio muuaji, wao wangekuwa matajiri sasa hivi. Tafuta sababu nyingine.

#4 · Chalii wa Sakina

Jumia ni habari tofauti. Mimi namsema binti mwenye simu moja. Anapiga picha mzigo wa mwenye duka, anaposti, anaongeza elfu tano yake. Hana fremu, hana luku ya kulipia, hana mlinzi. Huyo ndiye anayemmaliza Dada wa Sekei, na inawezekana picha anazoposti amepiga humo humo dukani kwa Dada.

#5 · Mangi wa Mbauda

Ndugu zangu, nina duka Mbauda mwaka wa kumi na nne. Supamaketi kubwa zilipoanza kufunguliwa niliogopa kweli. Mke wangu alisema tuuze friji turudi Rombo. Hatukuuza, na nitawaambia kwa nini.

Mteja wangu hapati fedha kwa mwezi, anazipata kwa siku. Fundi ujenzi analipwa jioni. Saa moja usiku anasimama dirishani kwangu: sukari robo, mafuta ya kupima, kiberiti, majani ya chai kipakti kidogo, kipande cha sabuni. Nenda supamaketi uone. Mafuta yapo kwenye dumu la lita tano, na ukipiga hesabu kwa lita ni nafuu kuliko ya kwangu. Lakini yule fundi hana hela ya lita tano, ana hela ya kukaanga leo. Unafuu ambao huwezi kuufikia si unafuu.

Halafu kuna daftari. Tarehe 20 mwalimu ameishiwa, anakuja naandika unga kilo mbili na maziwa. Mshahara ukiingia analipa, na mara nyingi analipa bila kukumbushwa kwa sababu anajua tarehe 20 nyingine inakuja. Supamaketi gani itamwandika mwalimu? Akifiwa nafunga duka naenda msibani. Kwangu hiyo nayo ni biashara, na ni zaidi ya biashara.

#6 · Mama Lulu

Mangi umesema kweli tupu. Ila ukipima sukari toa kidole kwenye mzani.

#7 · Kibosho Road

Sahihisho kwa mleta mada. Nakumatt walianzia Moshi, na hilo ndilo lilikuwa tawi lao la kwanza Tanzania, mwaka 2011. Arusha waliingia 2014 walipochukua maduka matatu ya Shoprite, mawili Dar na hilo moja la TFA. Watu wa Arusha mna tabia ya kudhani kila kitu kinaanzia Clock Tower.

Na tusisahau kwamba jina lenyewe limetokana na magodoro: Nakuru Mattress. Duka la magodoro la mjini Nakuru likakua hadi matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Januari 2020 wadai wao wakapiga kura lifutwe. Kwa hiyo lilipofungwa Moshi na Arusha, wateja wa hapa hatukuwa tumelisusa. Nyumba iliungua jikoni, moshi tukauona huku barazani.

Mimi nililipenda lile duka la Moshi. Desemba watu wakirudi nyumbani kutoka Dar, unakutana humo na mtu mliyemaliza naye darasa la saba, kila mmoja anasukuma toroli, mnasimama nusu saa mnaulizana nani amefariki na nani ameoa. Desemba ile haijarudi.

#8 · Mama Lulu

Desemba ni mwezi mmoja Kibosho. Januari hadi Novemba nani alikuwa anasukuma hayo matoroli?

#9 · Kibosho Road

Hilo nalo ni swali la haki.

#10 · Mstaafu wa RTC

Nimesoma wote. Mnaongea kana kwamba maduka makubwa yalianza na Shoprite. Sisi tuliofanya kazi RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, tulikuwa na duka kubwa mnalolitafuta: ghorofa moja nguo, upande wa pili vyombo, redio, baiskeli, chakula. Likafa tukiliangalia, na halikuuliwa na Instagram.

Historia kwa ufupi. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, kampuni nane kubwa za biashara ya nje na jumla zilitaifishwa. Walikuwemo Smith Mackenzie, Dalgety, A. Baumann. Zikawa STC, shirika moja la taifa. Shirika likawa zito mno, miaka ya mwanzo ya sabini likagawanywa na kila mkoa ukapata RTC yake. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa yapishe ya ujamaa. Unaondoa maduka mia madogo, unaweka moja kubwa. Hilo moja likikosa sabuni, wilaya nzima haina sabuni.

Na ilikosa. Baada ya vita ya Kagera fedha za kigeni zilikuwa hazipo. Nimesimama nyuma ya kaunta ndefu ya mbao, rafu nyuma yangu ni tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbele yangu foleni imetoka nje hadi barabarani kwa sababu wamesikia kuna lori la sukari. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, baba, hata nusu. Sikuwa na hata nusu. Sura yake ninayo mpaka leo.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na mitumba ikafuata. Ndani ya muda mfupi bidhaa zikawa zimejaa barabarani, na sisi kwenye majengo yetu makubwa hatukuwa na la kuuza wala mtaji wa kununulia.

Kwa hiyo mimi nasema duka kubwa linakufa kwa mzigo. Mzigo ukikatika siku mbili, mteja anajua njia nyingine, na akiijua harudi.

#11 · Chalii wa Sakina

Shikamoo mzee. Asante sana kwa hii. Lakini RTC ilikuwa ya serikali, watu walikwenda kwa sababu hapakuwa na pengine. Je, inalingana na plaza za leo?

#12 · Mstaafu wa RTC

Marahaba. Hailingani kwa mwenye mali. Inalingana kwa rafu tupu. Miezi ya mwisho ya supamaketi yoyote iliyofungwa hapa, kumbuka ulichoona: tishu za chooni zimepangwa safu nzima kujaza nafasi iliyokuwa ya vitu vitano. Sisi tulifanya hivyo hivyo kwa viberiti.

#13 · Mwalimu wa Historia

Mzee amefungua mlango, naongeza dirisha. Duka la aina hii, lenye idara nyingi chini ya paa moja, lilipata umbo lake Paris. Aristide Boucicaut aliingia ubia kwenye duka la Le Bon Marché mwaka 1852. Alichokibadilisha ndicho kinachotukwaza sisi: bei aliandika kwenye bidhaa, hakuna kupatana, mtu anaingia huru kutazama bila kulazimika kununua, na anaweza kurudisha asichokipenda. Kwa Mfaransa wa wakati ule ilikuwa nafuu kubwa. Alizoea kupigizana kelele na muuzaji.

Sasa njoo Soko Kuu. Mama akitaja elfu ishirini na tano unasema kumi, anakushangaa, unapiga hatua mbili kuondoka, anakuita. Mnafika kumi na sita. Umeondoka unajisikia umeshinda, naye anajisikia ameuza, na mkionana tena mnajuana. Kwenye plaza bei iko kwenye karatasi na binti wa duka hana ruhusa ya kupunguza hata mia tano. Mteja wetu anaona kama ametukanwa. Nadhani hili ni kubwa kuliko kodi na kuliko mtandao.

#14 · Ngarenaro Mjini

Mwalimu sikubaliani. Vijana wa leo hawataki kupatana, wanaona aibu. Mdogo wangu anakwenda mahali penye bei iliyoandikwa ili asidanganywe. Tatizo ni kwamba akiisoma hiyo bei anatoka.

#15 · Mpare wa Minnesota

Nawasoma kutoka Minneapolis. Mimi ni wa Same, nimesoma Moshi, niko huku tangu 2009.

Jirani yetu hapa, mji wa Edina, ndipo lilipofunguliwa jengo la kwanza la maduka lililozibwa lote na kuwekwa joto na ubaridi wake, Southdale, mwaka 1956. Alilichora Victor Gruen, mhamiaji kutoka Vienna. Ndoto yake ilikuwa kutengeneza katikati ya mji: nyumba, shule, bustani, kliniki, na maduka yawe sehemu tu. Wenye fedha wakachukua maduka na uwanja wa magari, mengine wakayaacha. Uzeeni aliyakana majengo yaliyoiga kazi yake.

Huku yanakufa kweli. Sears, ambao waliwahi kuwa wauzaji wakubwa kuliko wote Marekani, waliomba hifadhi ya kufilisika Oktoba 2018. JCPenney Mei 2020. Na utaratibu wa kufa unafanana na anaoueleza Dada. Jengo linajengwa likitegemea duka moja au mawili makubwa yanayovuta watu. Hayo yanapewa kodi ndogo, kwa sababu wanaolipa kodi kubwa ni wadogo walio kwenye korido katikati: viatu, saa, vipodozi. Mtu anafuata duka kubwa, anapita mbele ya mdogo. Kubwa likiondoka, mdogo anabaki na kodi ya korido yenye watu huku watu hawapo. Huku baadhi ya mikataba ina kifungu kwamba duka kubwa likifungwa, mdogo anapunguziwa kodi au anaruhusiwa kuvunja mkataba. Dada, soma mkataba wako. Kama kifungu hicho hakipo, kiombe.

Jambo la pili ni kwamba Marekani walijenga kupita kiasi. Nafasi ya maduka kwa kila mtu ni kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Lingine ni madeni: Toys R Us ilinunuliwa 2005 kwa mikopo iliyowekwa juu ya kampuni yenyewe, ikafungwa 2018. Duka lilikuwa bado linauza. Faida ilikuwa inalipa riba.

#16 · Mama Lulu

Mpare kaishi karibu na hilo jengo la kwanza. Nina hakika ameingia mara nyingi na hajawahi kutoka na mfuko.

#17 · Mpare wa Minnesota

Mama Lulu, nimetoka na soksi.

#18 · Ngarenaro Mjini

Woolworths ya Uingereza nayo si ilikufa? Mbona Dar waliwahi kuwa na duka lao?

#19 · Binti Shirimatunda

Hapo unachanganya. Woolworths ya Afrika Kusini, ndiyo iliyofika Dar, ni kampuni tofauti, jina tu limefanana. Ile ya Uingereza ilifunga duka la mwisho Januari 2009, maduka 807 yote. Mimi nilikuwa Leicester nasoma, nilinunua madaftari siku za mwisho na hata rafu zilikuwa zinauzwa.

Watu husema ni Amazon. Wenyeji walinieleza vingine: miaka kabla ya hapo majengo yake mengi yaliuzwa na kampuni ikaanza kupanga palepale ilipokuwa mwenye nyumba. Kodi ikawa inapanda kila mwaka. Duka jingine kubwa la huko, BHS, liliuzwa kwa pauni 1 mwaka 2015 na mwaka uliofuata likafungwa. Debenhams nalo, lililoanza 1778, lilifunga milango 2021. Barabara kuu ya mji ilikuwa na mashimo kama mdomo uliong'olewa meno. Nilimwona bibi mmoja amesimama nje ya duka lililofungwa anasoma tangazo, akasema hapa ndipo alinunua gauni la harusi. Nikamkumbuka mama yangu na duka la Wahindi pale Moshi alikonunua sare yangu ya kwanza.

#20 · Mkulima wa Usa River

Hakuna aliyetaja sisi tunaopeleka mzigo, wakati ndipo kifo kinapoanzia.

Niliwahi kupeleka hoho, letusi na karoti kwenye supamaketi moja, sitaitaja. Mwanzo walilipa baada ya siku thelathini. Kisha sitini. Kisha ukienda ofisini unaambiwa mhasibu yuko safari. Mali kauli, yaani mzigo wa kulipwa baadaye, inakwenda kwa uaminifu, mtu mmoja akikosa anawaangusha kumi. Nilikuwa na vibarua sita, kila Jumamosi wananitazama mikononi. Niliuza ng'ombe mmoja nikawalipa. Mwezi wa nne nikaacha kupeleka, na wenzangu wa mayai na maziwa wakaacha. Baada ya hapo ndipo wateja wakaanza kusema duka limekuwa tupu.

Kilombero saa kumi na moja alfajiri dalali ananibana bei mpaka naumia. Lakini saa mbili niko kwenye Hiace narudi na fedha mfukoni.

Ninachosema kinakubaliana na Mzee wa RTC kuhusu mzigo, ila yeye anaona mzigo ulikosekana. Kwangu mzigo ulikuwepo shambani unaoza.

#21 · Mstaafu wa RTC

Nimekubali sahihisho, mwanangu. Pole kwa ng'ombe.

#22 · Dalali wa Goliondoi

Ngoja niseme na mimi maana mnawasahau wenye majengo. Nimepangisha fremu mji huu miaka kumi na mbili.

Mtu anajenga plaza kwa mkopo wa benki. Riba haisubiri. Kwa hiyo anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na juu yake gharama za huduma: mlinzi, usafi, jenereta. Kwa muda mrefu wengi walidai kwa dola. Mpangaji anauza kwa shilingi, shilingi ikishuka kodi imepanda bila mtu kusema neno. Kanuni za 2025 zimekataza kupanga bei kwa fedha za kigeni, lakini wapo waliogeuza kiwango kilekile cha dola kuwa shilingi na kuendelea.

Sasa linganisha. Machinga aliyekuwa anatandika mbele ya mlango wa plaza hiyohiyo alikuwa na kitambulisho cha elfu ishirini kwa mwaka. Viatu vyake na vya ndani vimetoka Kariakoo kwa tajiri mmoja. Mwaka 2021 machinga waliondolewa barabarani wakapelekwa maeneo waliyopangiwa. Wapangaji wangu walishangilia. Miezi mitatu baadaye wakanipigia: watu wamepungua hata ndani. Machinga ndiye alikuwa anasimamisha mpita njia.

#23 · Chalii wa Sakina

Hii ya machinga sikuitegemea.

#24 · Mangi wa Mbauda

Mimi naielewa. Muuza karanga wangu alipohama mlangoni, soda zilipungua.

#25 · Ngarenaro Mjini

Bado naona mnakwepa. AIM Mall ipo, ina sinema na watoto wanajaa wikiendi. Njiro Complex watu wanakaa mpaka usiku. Kwa hiyo jengo linaweza kuishi likiwa na chakula na michezo. Kinachokufa ni kuuza nguo na vyombo juu ya ghorofa.

#26 · Mama Lulu

Watoto wanajaa, ndiyo. Wangu wanne tukienda ni chipsi, ni kubembea, ni kurudi. Nguo zao nanunua soko la mitumba la Memorial nikienda Moshi kwa mama, siku ya kufungua belo, naamka saa kumi. Suruali ya jinzi ya mtoto inayodumu mpaka mdogo wake aivae. Dada wa Sekei usikasirike, nasema ukweli wangu.

#27 · Dada wa Sekei

Sijakasirika dada, huo ndio ukweli niliouomba. Asanteni wote, nimesoma kila neno. Mpare, nimeutazama mkataba: kifungu hicho hakipo, na supamaketi ya chini iliondoka mwaka jana. Kodi yangu haikushuka hata senti.

Baada ya kusoma ya Dalali nilifanya kitu. Jumamosi nilimwacha binti dukani, nikakaa kwenye benchi karibu na ngazi kuanzia saa nne hadi saa saba, nahesabu kwa kalamu. Waliopanda juu walikuwa sitini na mmoja. Walioingia kwangu saba. Walionunua wawili.

Nikaona wengi wana mifuko mikononi, nikapata nguvu ya kuwauliza. Mifuko ilikuwa ya Soko Kuu: vitunguu, kitenge, viatu vya shule. Walikuwa wanapanda kufuata choo na kupumzika kwenye kivuli. Yaani watu wananifikia wakiwa wameshamaliza fedha.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinishangaza zaidi. Anapita hapo chini karibu kila wiki. Hakujua kwamba juu kuna nguo za watoto.

#28 · Kibosho Road

Kwani huna bango nje?

#29 · Dada wa Sekei

Jengo haliruhusu bango la mpangaji nje. Wanasema litaharibu sura.

#30 · Dalali wa Goliondoi

Sura ya jengo lenye magazeti kwenye vioo. Dada, kuna fremu ndogo ya chini inatoka mwezi ujao karibu na Soko Kuu, mlango unaangalia barabara. Ni nusu ya ukubwa wa yako na kilemba chake, fedha ya kuingilia, si kidogo. Kiyoyozi hamna.

#31 · Mangi wa Mbauda

Nenda chini dada.

#32 · Binti Shirimatunda

Asikimbilie. Kilemba kinaweza kumeza mtaji wa mzigo, tumeambiwa hapa mzigo ukikatika ndiyo basi. Aombe kwanza kodi ishuke na bango.

#33 · Mkulima wa Usa River

Na nguo anazoleta, analipa taslimu au mali kauli? Hilo ndilo linaamua anaweza kusubiri muda gani.

#34 · Dada wa Sekei

Nusu taslimu, nusu mali kauli kwa mama mmoja Kariakoo. Nimempigia leo, amesema atanivumilia mpaka mwezi wa saba.

Jumatatu saa tatu nina miadi na mwenye jengo. Nakwenda na ile karatasi ya hesabu. Dalali, naomba nione hiyo fremu kabla ya hapo, hata Jumapili baada ya ibada.

#35 · Dalali wa Goliondoi

Jumapili saa saba. Nitakuwa mlangoni na ufunguo.